Kidole, Kivuli na Saa: Historia ya Upimaji wa Anga katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kusoma elimu ya falaki hukutana na hesabu kabla ya kukutana na nyota. Kabla hajaelezwa sababu ya jua kuwaka wala ya sayari kuzunguka, hutakiwa awe na stadi chache ambazo kwa mtazamo wa juu juu ni sahili: kupima pembe, kulinganisha vitu viwili kwa uwiano, kugeuza kipimo cha aina moja kiwe cha aina nyingine, kushika namba kubwa bila ya kupotewa na sifuri, na kutambua kwamba kila kipimo kina kosa lake. Asiyekuwa na stadi hizo anaweza kukariri majina ya sayari zote, lakini hatakuwa na jambo hata moja kuhusu anga ambalo amelithibitisha kwa jicho lake na mkono wake.

Katika mijadala ya miaka mingi kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi, stadi hizi za mwanzo zimeguswa kwa uchache. Mjadala umeelemea upande wa istilahi: neno lipi litumike kwa dhana ipi, likopwe wapi, na chombo gani kiliidhinishe. Kazi hiyo ni ya lazima wala haibezwi hapa. Hata hivyo, imeacha nyuma swali jingine ambalo ni la kihistoria: je, watu wa mwambao na majirani zao wa Bahari ya Hindi walipimaje anga kabla ya kuwapo kwa istilahi sanifu, na maarifa hayo yaliishia wapi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya stadi zilizotajwa ilikuwa ikitumika kwa karne nyingi katika vyombo vya baharini, katika ua wa msikiti na katika shamba. Kwamba shule ya kisasa ilizitenga stadi hizo bila ya kukusudia. Na kwamba mwalimu wa leo anaweza kuziunganisha tena kwa maneno ambayo mwanafunzi wake anayo tayari.

2. Mwili kuwa kipimo

Kiswahili hutenga vitendo vitatu ambavyo mwanafunzi wa sayansi hana budi kuvitenga: kuhesabu, kupima na kukadiria. Kitenzi cha kwanza na cha tatu vimetoka katika Kiarabu. Cha pili ni cha Kibantu, nacho kina pacha wake miongoni mwa majina, kwani pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, tangu ncha ya vidole vya kulia hadi ncha ya vidole vya kushoto. Chini ya pima ipo wari. Chini ya wari ipo dhiraa, au mkono. Na chini ya dhiraa ipo shibiri, yaani upana wa kiganja kilichotanuliwa tangu kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Mfumo wenyewe ni wa maradufu: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Aliyekulia katika mfumo huo alijua, bila ya kufundishwa darasani, kwamba kutoka shibiri hadi pima ni kuzidisha kwa mbili mara tatu, na kwamba pima moja kwa hiyo ni shibiri nane.

Jambo la maana zaidi ni kwamba mfumo huu ulibeba ndani yake habari ya kosa. Dhiraa ilikuwa ya namna mbili: dhiraa kamili, iliyofika ncha ya vidole, na dhiraa konde, iliyoishia kwenye ngumi. Aidha mkono wa mtu mrefu haukulingana na wa mtu mfupi, na mnunuzi wa kitambaa alikuwa na kila sababu ya kuangalia ni mkono wa nani unaopima. Hapo ndipo lilipo somo la kwanza la upimaji. Namba peke yake haitoshi. Sharti itajwe pamoja na kizio chake, na kizio hicho sharti kijulikane vivyo hivyo na pande zote mbili.

3. Kidole angani

Upungufu huo wa vipimo vya mwili, ambao ardhini ni kero, angani hupungua sana. Mtu akinyoosha mkono wake wote mbele na kukitazama kidole chake kwa jicho moja, kidole hicho hufunika sehemu ya anga yenye pembe ya kadiri ya nyuzi 1 na nusu hadi 2. Ngumi hufunika nyuzi 10 hivi. Mtoto ana kidole chembamba, lakini pia ana mkono mfupi, na kwa kuwa pembe hutegemea uwiano wa upana kwa umbali, jibu lake hukaribia jibu la mtu mzima. Kwa maneno mengine, angani hapana haja ya kujua urefu wa mkono wa nani. Uwiano ndio unaotawala.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijenga elimu yao juu ya ukweli huo. Kizio chao kilikuwa kidole, kwa Kiarabu isba, nacho walipimia kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Ahmad ibn Majid, nahodha na mtunzi aliyezaliwa Julfar katika Ghuba, aliyakusanya maarifa hayo katika kitabu chake kikuu cha uabiri karibu mwaka wa 1490, na katika utenzi wake mmoja alieleza njia ya mwambao wa Afrika hadi Sofala. Utenzi huo, pamoja na mingine miwili, ulitolewa Leningrad na T. A. Shumovsky mwaka wa 1957, na mwaka wa 1971 G. R. Tibbetts akachapisha tafsiri na uchambuzi wa kitabu chenyewe kwa Kiingereza.

Chombo kilichotumiwa kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba iliyopita katikati. Nahodha alishika mwisho wa kamba kwa meno, akakivuta kipande mbele ya jicho hadi ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukagusa nyota. Kamba ilitiwa mafundo, na kila fundo lilikuwa na maana yake: kimo cha nyota katika bandari fulani. James Prinsep alikieleza chombo hiki mwaka wa 1836, kilipokuwa bado kinatumika. Hesabu iliyomo ndani yake ni ileile anayofundishwa mwanafunzi wa mwanzo. Ubao wenye kimo cha sentimita 4 ukiwa umbali wa sentimita 57 kutoka jichoni hufunika nyuzi 4. Ukisogezwa hadi nusu ya umbali huo hufunika nyuzi 8. Kamba ikifupishwa, pembe hukua. Namba 57, ambayo ni nyuzi zilizomo katika pembe ambayo tao lake ni sawa na nusukipenyo, huwatisha wengi inapoandikwa ubaoni. Ikishikwa kwa meno haina vitisho.

Kutoka kidoleni baharia aligeuza kipimo kuwa safari. Kidole kimoja kiligawanywa katika zam nane, na zam moja ilikuwa mwendo wa chombo kwa muda wa saa tatu. Hivyo pembe iliyopimwa angani iligeuka umbali, na umbali ukageuka muda. Kila anayesoma falaki leo hupita njia hiyo.

Hata hivyo, kidole hicho hakikuwa kimoja. Hesabu ya zamani ilitia vidole 224 katika duara zima, idadi inayolingana na vituo 28 vya mwezi vyenye vidole 8 kila kimoja. Kwa hesabu hiyo kidole ni nyuzi 1 na dakika 36. Sulaiman al-Mahri, aliyeandika katika karne ya 16, alitumia vidole 210, na kwake kidole kikawa nyuzi 1 na dakika 43. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini si ndogo kwa chombo. Mzingo wa dunia ukiwa kilomita 40,000, kidole cha kwanza ni kilomita 179 hivi na cha pili ni kilomita 190. Kwa safari ya vidole vinane, nahodha mwenye kizio kimoja na mwenye kingine watatofautiana kwa zaidi ya kilomita 90. Wanaisimu wanaoulizwa faida ya usanifishaji wana jibu hapa: palipo na vizio viwili vyenye jina moja, mmoja wa manahodha hao atatafuta bandari mahali pasipo bandari.

Palikuwa pia na kosa la nyota yenyewe. Nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo mabaharia waliiita Jah, leo iko chini ya nyuzi 1 kutoka kwenye ncha ya kweli, lakini mwaka wa 1500 ilikuwa mbali nayo kwa nyuzi 3 na nusu hivi. Aliyeipima bila ya kusahihisha kimo chake aliweza kukosea kwa karibu kilomita 390. Aidha, kusini ya ikweta, nyota hiyo haifai kitu kwa sababu huzama. Kwa hiyo aliyeabiri kuelekea Malindi, Mombasa au Kilwa alilazimika kuiacha Jah na kutumia nyota nyingine za kaskazini zilizo mbali zaidi na ncha, akijua tofauti baina yake na Jah. Mwambao wa Waswahili ulikuwa mahali ambapo baharia alidaiwa hesabu zaidi ya aliyokuwa akidaiwa kwao.

Historia ya Vasco da Gama, aliyeondoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 akafika pwani ya Calicut mwezi wa Mei, hutajwa sana katika jambo hili. Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba rubani wake alikuwa Ibn Majid mwenyewe. Wanazuoni wengi leo wanalitilia shaka dai hilo, kwani maandishi ya Wareno yanamtaja mtu wa Gujarat, na jina wanalompa ni Malemo Cana au Canaqua. Kwa mwanafunzi wa lugha, jina hilo lina thamani kuliko mzozo wenyewe. Malemo ni muallim, neno ambalo kwa Waarabu lilikuwa na maana ya mwongozaji wa chombo na pia ya mfundishaji, nalo ndilo lililotupatia mwalimu. Sehemu ya pili inatokana na neno la Kihindi lenye maana ya mtu wa hesabu. Mwandishi wa Kireno Barros, katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1552, anasimulia kwamba rubani huyo hakushangaa alipoonyeshwa astrolabu ya Wareno, bali naye alionyesha chombo chake cha vibao vitatu. Mwalimu na hesabu, basi, walisafiri pamoja katika jina moja.

4. Kivuli ardhini

Baharini pembe ilipimwa kwa kidole. Nchi kavu ilipimwa kwa kivuli. Kupima anga kwa kivuli ni jambo la kale sana katika bara la Afrika. Eratosthenes, aliyefanya kazi Alexandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alijua kwamba siku moja katika mwaka jua la adhuhuri halikuacha kivuli Syene, yaani Aswan ya leo, ilhali Alexandria liliacha kivuli chenye pembe ya sehemu moja katika hamsini ya duara. Akauzidisha umbali wa stadia 5,000 kwa hamsini, akapata mzingo wa dunia: stadia 250,000. Hapana chombo alichotumia ambacho mwanafunzi wa Lamu au wa Kisumu hawezi kukitengeneza kwa kijiti.

Katika mwambao, kivuli kilikuwa na kazi ya kila siku kwa sababu ya sala. Adhuhuri huingia jua linapopinduka kutoka kileleni. Na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani, alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu hicho, pamoja na kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Kanuni hii haitaji namba wala kizio. Inataja uwiano, nao ni wa moja kwa moja. Kivuli kikilingana na kitu, jua liko nyuzi 45 juu ya upeo. Aliyeijua sala aliijua pembe hiyo, ingawa hakuiita kwa jina hilo.

Asiyekuwa na kijiti alijipima mwenyewe kwa nyayo zake, kwani urefu wa mtu ni kadiri ya nyayo saba za mtu huyohuyo. Hapa tena mrefu na mfupi hawana ugomvi, maana kila mmoja ana unyayo wa kimo chake.

Kibla nacho kilikuwa suala la pembe. Mombasa iko katika longitudo ya nyuzi 39 na dakika 40 mashariki. Makka iko katika nyuzi 39 na dakika 50 hivi. Kwa hiyo kibla cha Mombasa ni karibu sawasawa na kaskazini, na katika Kiswahili cha pwani neno kibla liliweza kutumika kwa maana hiyo. Upo pia uthibitisho ambao hauhitaji ramani. Karibu tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai jua husimama juu ya Makka utosini, mara ya kwanza saa sita na dakika 18 mchana, mara ya pili saa sita na dakika 27, kwa saa inayotumika Makka na Afrika Mashariki pia. Aliye Mombasa, Nairobi au Bujumbura akisimamisha kijiti wima dakika hiyo, huku akizingatia kwamba saa ya Bujumbura iko nyuma kwa saa moja, kivuli chake kitamwonyesha upande uliokabiliana na kibla.

5. Saa kuwa pembe

Mgeni anayejifunza Kiswahili hulalamikia saa zake, kwa kuwa saa moja ya Waswahili ni saa saba ya Wazungu. Vitabu vingi vya kufundishia lugha huishia kumwambia aongeze au aondoe sita. Maelezo hayo yanatosha kwa msafiri. Kwa mwanafunzi wa falaki hayatoshi, kwani yanaficha jambo zuri kuliko yote katika mfumo huu.

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Karibu na ikweta, siku ambayo jua hupita utosini, jua huchomoza mashariki na kupanda wima. Kwa kuwa Mswahili huanza kuhesabu linapochomoza, saa aitajayo, ikizidishwa kwa 15, ni kimo cha jua kwa nyuzi. Saa moja, nyuzi 15. Saa mbili, nyuzi 30. Saa tatu, nyuzi 45, na kivuli cha mtu ni sawa na urefu wake. Saa sita, nyuzi 90, na mtu hukanyaga kivuli chake. Baada ya hapo hesabu hurudi nyuma, na saa tisa jua liko tena nyuzi 45. Siku hiyo adhuhuri haikuwa na kivuli, basi saa tisa ndiyo alasiri. Saa ya Kiswahili, katika siku kama hiyo, ni pembe iliyopewa jina la muda.

Mombasa, iliyo nyuzi 4 kusini ya ikweta, hupata siku hiyo mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba. Mwanafunzi akipima kivuli chake kwa nyayo siku hiyo, kila saa kwa mujibu wa jua, atapata mfululizo huu: saa moja, nyayo 26, saa mbili, 12, saa tatu, 7, saa nne, 4, saa tano, 2, saa sita, hapana kivuli. Pembe imepanda kwa hatua zilizo sawa, lakini kivuli hakikupungua kwa hatua zilizo sawa. Kati ya saa moja na saa mbili kimepoteza nyayo 14. Kati ya saa tano na saa sita, nyayo 2 tu. Mwanafunzi aliyeandika namba hizo sita ameandika jedwali la trigonometria kwa miguu yake, na atakapokutana nalo kitabuni atalitambua.

Atagundua pia kwamba saa ya ukutani haikubaliani na jua. Saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mombasa iko magharibi ya hapo kwa nyuzi 5 na dakika 20. Kwa dakika nne za saa kwa kila nyuzi 1, jua la Mombasa huchelewa dakika 21 kwa wastani. Kwa sababu ya mwendo wa dunia kulizunguka jua, mwezi wa Machi ucheleweshaji hufikia nusu saa hivi, na mwanzoni mwa Oktoba hushuka hadi dakika 10. Kosa hilo nalo ni somo: halikutokana na uzembe, lina sababu, na linaweza kuhesabiwa.

Mwaka nao ulipimwa. Pamoja na mwaka wa Kiislamu unaofuata mwezi, wenye siku 354 hivi, mabaharia na wakulima wa mwambao walikuwa na mwaka wa jua ulioanza siku ya Nairuzi, au Siku ya Mwaka, ambao ukumbusho wake ungali hai Makunduchi, Unguja, kwa sherehe za Mwaka Kogwa za mwezi wa Julai. Mwaka huo ulikuwa na siku 365, na siku zake zilihesabiwa kwa makumi, kila kumi moja ikiitwa mwongo. Msimu wa pepo na wa kilimo ulitajwa kwa mwongo wake. Lakini mwaka wa kweli unazidi siku 365 kwa karibu robo siku, na mwaka wa Nairuzi haukuongezwa siku. Basi kwa kila miaka 41 hivi ulitangulia misimu kwa mwongo mmoja mzima. Aliyetegemea hesabu pekee angepanda mapema. Aliyeitazama pia Kilimia, kundi la nyota lililopewa jina kwa kilimo, aliweza kujisahihisha. Leo mwongo ni miaka kumi katika lugha ya magazeti, na siku kumi za nahodha zimesahauliwa.

6. Namba na ukubwa wa anga

Hesabu ya Kiswahili ni kumbukumbu ya bahari hiyohiyo. Moja hadi tano, pamoja na nane na kumi, ni za Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini na makumi mengine yanayofuata yametoka Uarabuni. Laki imetoka Bara Hindi. Milioni imetoka Ulaya. Namba za kale hazikufutika: kenda ingali inasikika, na fungate, iliyokuwa saba, imejificha katika siku saba za harusi. Lugha iliyopokea namba kutoka pande zote hizo haina sababu ya kuogopa namba za falaki.

Laki, hasa, ina faida isiyotumiwa. Mwanga huenda kilomita laki tatu kwa sekunde. Mwezi uko mbali nasi kwa kilomita 384,400, yaani laki nne kasoro kidogo. Hivyo mwanga wake hutufikia kwa sekunde moja na robo hivi. Jua liko kilomita 149,600,000, ambazo ni laki 1,496. Zigawanywe kwa tatu, jibu ni sekunde 499, au dakika 8 na sekunde 19. Mwanafunzi aliyechagua kizio kinachofaa amegawanya namba ndogo, na sifuri hazikumsumbua.

Kidole nacho kingali na kazi. Mwezi mpevu huonekana kwa pembe ya nusu nyuzi hivi, na kidole kilichonyooshwa huufunika wote bila ya taabu, jambo linalowashangaza wanaoudhania mkubwa unapochomoza. Nusu ikigawanywa kwa 57.3, kisha ikazidishwa kwa umbali wa mwezi, hutoa kipenyo cha kilomita 3,354. Kipenyo cha kweli ni kilomita 3,474. Kosa ni chini ya sehemu 4 kwa mia, nalo limetokana na kuiita nusu pembe ambayo imezidi nusu kidogo. Kwa hesabu hiyo moja mwanafunzi ametumia pembe, uwiano, kizio na kosa.

7. Shule na istilahi

Maarifa haya hayakufa kwa kushindwa katika hoja. Yaliachwa nje ya mlango. Shule za kikoloni zilifundisha hesabu za shilingi na senti, inchi na futi, ratili na galoni. Sala na kivuli vikabaki madrasani, kidole na fundo la kamba vikabaki chomboni, na chombo chenyewe kikashindwa na meli za moshi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka wa 1930, ilishughulika na tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Nahodha hakuwa mwalimu tena.

Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka wa 1967, mwaka uleule ilipoundwa BAKITA, istilahi za hisabati zilipatikana na zikatumika. Pembetatu, kipenyo, mzingo, uwiano, kipeo na nyuzi ni maneno ambayo mamilioni wameyasomea. Kenya ilichukua njia nyingine: Kiswahili kikawa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi tangu mwaka wa 1985, huku hisabati na sayansi zikifundishwa kwa Kiingereza. Nchi zote mbili zilifanana katika jambo moja. Pembe ilifundishwa kuwa mchoro wa daftarini, saa ikafundishwa kuwa mashine ya ukutani, na kivuli hakikufundishwa. Mwanafunzi alilipata neno nyuzi bila ya kuambiwa kwamba jua la asubuhi hupanda nyuzi 15 kila saa juu ya kichwa chake.

Jina la elimu yenyewe lina mzigo. Falaki ni elimu ya anga, lakini kupiga falaki ni kuagua. Unajimu nao umebeba maana zote mbili. Wako wanaopendelea astronomia ili kuepuka uaguzi. Pendekezo hilo lina hoja, lakini historia inaonyesha kwamba kilichomtenga nahodha na mwaguzi hakikuwa jina. Wote wawili walitazama nyota zilezile. Nahodha alipima, na kipimo chake kilijaribiwa na bandari: ama ilionekana, ama haikuonekana.

8. Hitimisho

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima eksirei zitokazo angani, na ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mahali pale palichaguliwa kwa hesabu. Katika ikweta ardhi huenda mbio kuliko mahali pengine popote, kilomita 40,000 kwa saa 24, na roketi hunufaika na mwendo huo. Orodha ya nne ya vyanzo ilivyovigundua, iliyotolewa mwaka wa 1978, ina vyanzo 339, na hadi leo wanafalaki wa mataifa yote huvitaja kwa alama 4U, ambayo herufi yake ni ya Uhuru.

Neno la Kiswahili, basi, limeandikwa angani mbele ya Malindi ileile alikoondokea rubani mwenye vibao vitatu. Lakini jina si elimu. Kinachohitajika kwa wanafunzi wa mwanzo ni kidogo na kiko karibu: kijiti uani, nyayo saba, kamba yenye mafundo, saa inayoanza jua linapochomoza, na mwalimu atakayewaambia kwamba vitu hivyo vyote vinapima jambo moja. Idara za lugha zina sehemu yao katika kazi hiyo. Wanaokusanya msamiati wa mabaharia na wakulima wa mwambao wasiishie kuandika neno na maana yake. Waandike pia jinsi lilivyopimwa, kwa kizio gani, na kosa lake lilisahihishwa vipi. Mwongo usioelezwa hesabu yake ni neno la kale tu. Ukielezwa, ni somo la falaki.